Gavana Aliyeketi Kiti cha Nyuma

Swali lenyewe lilikuwa la maneno mawili tu, na Bi Magdalene aliliuliza akinywa chai ya tangawizi sebuleni mwa Abdulrahman, mtaa wa Kaloleni, Kisumu, bila nia mbaya hata chembe.

"Gavana yupi?"

Abdulrahman akamwongezea chai ambayo hakuiomba. Kwa miaka minne alikuwa akikodisha gari lake kwa maharusi, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akiwaambia watu, huku akipangusa boneti kwa ncha ya kanzu, kwamba kwenye kiti kile cha nyuma aliwahi kuketi Gavana wa enzi za mkoloni. Hakuna aliyewahi kumuuliza ni yupi. Hata yeye hakuwahi kujiuliza. Gavana ni Gavana, kama vile simba ni simba. Ukiambiwa kapita hapa huulizi jina lake.

"Walikuwa wengi," akasema mwishowe.

"Najua walikuwa wengi, ndiyo maana nauliza." Bi Magdalene alikuwa na duka kubwa la vitambaa mjini. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa na mtoto mgongoni na cherehani kichwani, na sasa yule mtoto, Waithira, alikuwa anaolewa. "Nataka kibao cha shaba mlangoni mwa gari. 'Hapa aliketi Gavana fulani, mwaka fulani.' Fundi wa vibao ananisubiri. Niletee jina wiki hii."

Alipoondoka, Zeituni, mkewe Abdulrahman, alikusanya vikombe polepole.

"Miaka minne," akasema, "unamsifu mtu usiyemjua hata jina."

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, jeusi, refu kama behewa la treni ya Butere, na dashibodi yake ya mbao ilimeta kama meza ya jaji. Lilikunywa petroli kwa pupa na kuwaka siku lilipojisikia. Abdulrahman alilipenda kupita akili. Alikuwa muuza viungo soko la Kibuye, mtu mfupi mwenye kitumbo cha mviringo, na tangu azaliwe hakuna aliyempisha njia, hata kuku. Lakini akishika usukani ule, makarani wa benki walisimama kando na askari wa trafiki walimpigia saluti kabla hawajafikiri.

Basi asubuhi yake akaenda Migosi kumtafuta Kangethe, aliyemuuzia gari. Kangethe alikuwa na duka la misumari na mabati, na nyumba kadhaa za kupangisha hapo Migosi. Alimkuta akimgombeza fundi wa mabomba.

"Kangethe, ni Gavana yupi?"

"Gavana yupi wapi?"

"Uliyeniambia alikaa ndani ya gari!"

Kangethe akajikuna shingo. "Mimi niliambiwa na Mama Anyango wa Otonglo. Ndiye aliyeniuzia."

"Na hukumuuliza jina?"

"Kwani wewe uliniuliza?"

Wakaondoka pamoja, Abdulrahman kwa sababu alihitaji jina, Kangethe kwa sababu gari lilihitaji mtu mwenye kifua cha kulisukuma.

Mama Anyango alikuwa sokoni Otonglo, kando ya barabara ya Busia, nyuma ya mafungu ya vitunguu. Alikuwa mjane wa mwalimu mkuu, mama wa sauti kubwa, na alipoliona gari aliruka mafungu yake yote akaja kulipiga boneti makofi.

"Uuwi! Hii gari bado inatembea? Kuku yangu ilitaga ndani yake miaka tatu! Hapa hapa kwa usukani kulikuwa na tetea moja mkali sana, hata Mwalimu alikuwa anamwogopa."

Abdulrahman alitabasamu kwa taabu. Habari za kuku hakuwahi kuelezwa.

"Mama, tumekuja kwa ajili ya Gavana."

"Eh, Gavana! Mwalimu, Mungu amrehemu, alikuwa anasema kila mwaka Gavana anapanda hii gari kuenda maonyesho ya kilimo huko Kisumu. Watu wanajaa, wanapiga makofi. Halafu utepe."

"Alikata utepe!" Abdulrahman akamgeukia Kangethe. "Unasikia? Kila mwaka!"

"Utepe ilikuwa," akasema Mama Anyango. "Kama alikata ama hakukata, mimi sikuwa hapo. Enda Port Victoria, uliza mama mmoja anaitwa Kageha. Bwana yake alikuwa dereva ya ule mzungu wa pamba, ndiye aliachiwa gari wakati wazungu wanaenda. Huyo mama alimjua Gavana mwenyewe. Alikuwa anampikia."

Abdulrahman alishikwa na kizunguzungu cha furaha. Anampikia! Alinunua vitunguu ambavyo hakuvihitaji, akapiga honi mara mbili bila sababu, wakashika njia.

Walipita Maseno, wakapita Luanda na Yala. Ugunja gari likazimika; Kangethe akashuka, akalisukuma, likawaka. Kutoka hapo ikawa vumbi na mawe hadi ziwa lilipotokea mbele yao, na harufu ya samaki ikaingia madirishani kabla ya mtu yeyote kuwakaribisha. Mwenye kibanda cha chai akawaelekeza. Kageha alikuwa uani kwake akianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya wavu, bibi mwembamba wa Kimaragoli aliyeolewa huko ziwani siku nyingi. Aliposikia mngurumo, aliinuka. Hakuwasalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akapapasa kiti cha ngozi kwa kiganja.

"Gavana wangu," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Abdulrahman naye yakamlengalenga. Alivua kofia.

"Shikamoo, Mama. Kwa hiyo ulimjua?"

"Marahaba. Nilimjua? Nilimlea! Alikuja akiwa mdogo, kwa meli, kutoka Ulaya."

"Akiwa mdogo?" akauliza Kangethe.

"Wanatumwa wakiwa vijana hao," Abdulrahman akamnong'oneza. "Usimkatize mama. Alikuwaje, Mama?"

Kageha akakaa kwenye ngazi ya gari, akapangusa macho. "Mnene. Mweupe, lakini jua likimpiga anakuwa mwekundu hapa masikioni. Hakupenda jua kabisa. Bwana alimjengea nyumba ya paa la nyasi, sakafu ya simenti, ya kumwagiwa maji kila asubuhi apate baridi."

"Watu walikuwa na heshima zamani," akasema Abdulrahman.

"Alipenda viazi vitamu. Na maziwa. Siku ya maonyesho anarudi na utepe mwekundu, kila mwaka, anapewa bia."

Bia ilimgusa Abdulrahman kidogo, lakini akamsamehe. Mtu na dini yake.

"Na hasira! Alimuuma DC."

"Alimuuma DC?"

"Hapa." Kageha akashika paja. "DC alikuja kumsalimia akamshika sikio. Alilia kama mtoto yule DC. Na hakufanya lolote! Nani wa kumshtaki Gavana?"

"Hakuna," akasema Abdulrahman kwa fahari. "Hakuna kabisa."

Kangethe alikuwa ameanza kumtazama Kageha kwa jicho la pembeni, kisha akamtazama Abdulrahman, kisha akatazama ziwa.

"Ndani ya gari alikaa wapi hasa?"

"Hapa nyuma, peke yake. Bwana na mume wangu mbele. Alikuwa anatoa kichwa nje ya dirisha, masikio yanapepea. Siku za mvua alihamia mbele aone njia."

"Sasa, Mama, jina lake kamili. La ukoo."

"Gavana tu. Ukoo wake ndio huu uko hapa. Aliacha watoto, sijui mia, sijui mia mbili. Kutoka hapa mpaka Sio Port wote ni damu yake."

Hili halingefaa kuandikwa kwenye kibao. Abdulrahman alisogea karibu, akashusha sauti. "Mia mbili? Na mkewe alijua?"

Kangethe akawapa mgongo. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Wake walikuwa wengi, na wote walimpenda," akasema Kageha.

"Basi tuyaache hayo. Alirudi kwao mwaka gani?"

"Kwao wapi? Hakurudi. Bwana alipofunga safari, mwaka ule wa Uhuru, alisema hawezi kumwacha ateseke kwa watu wengine. Alilia sana. Tukamla Krismasi."

Omena kwenye wavu ilipigwa na upepo.

"Mka-m-nini?"

"Tukamla. Mimi nilipewa mguu mzima wa nyuma. Mafuta yake, mwanangu, yalitufikisha Pasaka."

"Mlimla Gavana?" Sauti ya Abdulrahman ilitoka nyembamba kama filimbi.

Kageha akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulitaka tumfanyeje nguruwe mzee?"

Kangethe alianguka kwenye nyasi, akajipinda, akapiga ardhi ngumi, akalia kwa kicheko mpaka mbwa wa jirani wakaja kumnusa. Abdulrahman hakumsikia. Alikuwa akitazama mkono wake mwenyewe, uliokuwa umeshika kile kiti. Aliuondoa polepole, kama mtu aliyeushika mkono wa marehemu. Akili yake ilikuwa ikipita kwa wote waliowahi kuketi pale: yeye, Zeituni, maharusi wa Kaloleni na vilemba vyao, na Maalimu Bakari, imamu wao, anayepelekwa kuswali Idi kila mwaka. Maalimu Bakari aliyewahi kusema kiti kile ni kizuri mno hata usingizi ulimchukua.

"Siingii," akasema.

"Utaingia tu," akasema Kangethe akipangusa macho. "Gari la mwisho la Kisumu limeshaondoka."

"Siingii! Mama, nje ya gari je? Aliwahi kukaa nje?"

"Nje hapana," akasema Kageha. "Alikuwa na adabu zake."

Hivyo ndivyo Abdulrahman alivyotoka Port Victoria akiwa juu ya buti la gari, kwenye mkeka wa Kageha, kanzu ikipepea, mwavuli mkononi, kiuno kimefungwa kamba iliyopitishwa madirishani. Kangethe aliendesha polepole, naye alicheka kila walipopita shimo.

Sasa ule ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, uchaguzi wa vyama vingi uko mlangoni, na hapakuwa na mtu kando ya barabara ambaye hakuwa akimngojea mgombea. Gari jeusi refu, linakwenda mwendo wa maandamano, mzee wa kanzu juu yake anashika mwavuli: Ugunja nzima ikajua la kufanya. Wauza ndizi waliacha ndizi. Vijana walikatiza njia wakiimba. Kangethe akafunga breki, na umati ukalizunguka gari.

"Mheshimiwa! Hotuba! Hotuba!"

"Mimi si mheshimiwa!" Abdulrahman akapaza sauti. "Niacheni niende nyumbani!"

"Kwa nini hukai ndani kama wengine?" mama mmoja akauliza.

Na Abdulrahman, aliyechoka, mwenye vumbi mpaka kwenye kope, hakuona haja ya kuficha tena.

"Kwa sababu ndani kulikaa nguruwe!"

Wauza ndizi wakatazamana.

"Ndiyo! Nguruwe! Miaka na miaka! Amekaa kiti cha nyuma, amekula, amenenepa, na sisi tunapiga makofi na kumpisha njia! Tunamwita mkubwa! Hata majina yao hatujui! Mimi nimesema siingii humo mpaka pasafishwe!"

Kelele iliyolipuka ilitisha njiwa wa soko zima. "Pasafishwe! Pasafishwe!" Walimfungua kamba wakambeba juu juu. Mzee mmoja alilia waziwazi, akasema tangu azaliwe hajasikia mwanasiasa akisema kweli. Mtu akauliza ni chama gani, mwingine akamzaba kofi akamwambia anyamaze. Walipomrudisha juu ya buti alikuwa na jogoo kwapani na shada la maua ya boga shingoni, na kijana mmoja alikimbia pembeni mwa gari karibu mpaka Yala akiuliza fomu za uanachama zinapatikana wapi.

"Unajua," Kangethe akaita kupitia dirishani, "ungepita bila kupingwa."

Abdulrahman alikuwa amekumbatia jogoo, na ingawa moyo wake ulikuwa umevunjika, mgongo ulikuwa umenyooka.

Zeituni alimsikiliza hadithi yote akiwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Ilipofika pale pa Krismasi ilibidi akae chini. Alicheka mpaka akaomba maji, na alipopewa maji akayamwaga.

"Unacheka," akasema Abdulrahman, "na Maalimu je?"

Kicheko kikamkauka.

Maalimu Bakari alisikiliza bila kupepesa macho. Alikuwa mzee wa maneno machache, na siku hiyo yalipungua zaidi.

"Mimi nilikaa upande gani?" akauliza mwishowe.

"Kushoto, Maalimu."

"Na yeye?"

"Alijinyoosha kote."

Maalimu akasema kwamba, kwa jinsi walivyosoma wao, najisi ile huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na baada ya hapo kitu ni safi na maneno yamekwisha. "Na nitakuja mwenyewe kusimamia," akaongeza. "Na hadithi hii isitoke hapa."

Lakini Kangethe alikuwa na mdomo. Walipoliingiza gari ziwani pale Lwang'ni, ambako Kisumu nzima huosha magari yake, maji yakifika katikati ya magurudumu, watu walikuwa tayari wamepanga viti nje ya vibanda vya samaki wa kukaanga. Waosha magari walichukua ndoo.

"Mara saba, Mzee?" akauliza mmoja. "Kwani hii gari imefanya nini?"

"Osha!" akasema Maalimu.

"Moja!" wakaitikia watu wa vibandani. Ya pili wakaimba. Ya nne ikawa ya udongo, na waosha magari waliingia ndani na ndoo za tope wakapaka viti vya ngozi vile kama wanakandika nyumba, huku Abdulrahman amefunga kanzu kiunoni, anatetemeka kama anayetahiriwa. Katikati ya ile ya tano teksi ikasimama, akashuka Bi Magdalene, na nyuma yake Waithira.

Abdulrahman alitoka majini, tope mpaka nyusi. Angeweza kutunga jina. Njia nzima kutoka Port Victoria alikuwa ametunga majina matatu mazuri, mawili yakiwa na "Sir" mbele. Lakini alipomwona yule mama na mkoba wake mikononi, akaona hana nguvu za kubeba Gavana mwingine.

"Bi Magdalene, nimempata. Alikuwa nguruwe."

"Wengi wao walikuwa," akasema Bi Magdalene. "Jina?"

"La, Mama. Nguruwe hasa. Wa miguu minne. Jina lake ndilo lilikuwa Gavana. Alikuwa akipelekwa maonyesho."

Bi Magdalene alisimama wima. "Nimewaambia wanawake wote wa kanisa," akasema kwa sauti ya mtu anayezama. "Nimemwambia mke wa askofu."

Mahali fulani nyuma yake kukasikika sauti kama ya birika linalochemka. Alikuwa Waithira. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akaketi mchangani na gauni lake zuri.

"Mama, nalitaka hili hili."

"Uende kanisani kwa gari la nguruwe?"

"Nguruwe aliyemuuma DC! Kangethe amenisimulia yote. Gavana gani mwingine alifanya hivyo?"

Zeituni, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaingilia. "Bi Magdalene, mwambie fundi aandike 'Hapa aliketi Gavana.' Basi. Nionyeshe neno la uongo hapo."

Bi Magdalene alilitafuta. Midomo yake ilicheza, akilipima neno moja moja. Hakulipata.

"Alishinda hayo maonyesho?" akauliza.

"Kila mwaka," akasema Abdulrahman. "Utepe mwekundu."

"Baba yake Waithira hakushinda hata bahati nasibu," akasema Bi Magdalene, akafunga mkoba. "Haya. Osheni vizuri."

Harusi ile ilijaza watu, walioalikwa na wasioalikwa. Kibao cha shaba kilikuwa mlangoni. Gari lilizimika mita chache kabla ya lango la kanisa, kama ilivyo desturi yake, na bwana harusi mwenyewe alitoka nje kusukuma, suti na yote, pamoja na Kangethe na wazee wawili wa kanisa, bibi harusi akiwahimiza kutoka dirishani. Kageha naye alikuja, ameletwa kwa lori la samaki, amevaa gauni la kijani, na mtu wa kwanza kumwinukia ampe kiti alikuwa mke wa askofu, aliyetaka kujua yale masikio yalikuwa mekundu kiasi gani.

Baada ya ibada, watu walipanga foleni uani kukaa kile kiti cha nyuma, mmoja mmoja. Abdulrahman alisimama mlangoni na kofia mpya, akiwaeleza: kwamba alikuja kwa meli akiwa mdogo, kwamba hakupenda jua, kwamba alipenda viazi vitamu na maziwa, na siku ya maonyesho chupa moja ya bia. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka kwa urahisi. Miaka minne ya yule Gavana mwingine alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na kila alipoisema aliangalia pembeni. Huyu angeweza kumsimulia mpaka jioni, na akawa anamtazama kila mtu usoni.

Zeituni akaja na sahani iliyofunikwa. "Pilau yetu imepakuliwa pembeni, nyama yake imechinjwa kwetu. Njoo ule, inapoa."

"Weka hapo kwanza," akasema Abdulrahman, akimshika mkono mzee mwingine kumsaidia kupanda. "Huyu bado hajasikia habari za DC."